Tunabishania miaka 21, huku kiasi cha pombe kinapangwa nyumbani

Tangu Julai 30, 2025, Waziri wa Usalama wa Ndani Kipchumba Murkomen alipozindua sera mpya ya kitaifa kuhusu pombe na dawa za kulevya, Wakenya wamebishania mambo mawili: umri wa kunywa upandishwe kutoka miaka 18 hadi 21, na pombe isiuzwe supamaketi, vituo vya mafuta wala mtandaoni, na isiletwe mlangoni na boda boda. NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, ililazimika kufafanua kwamba hayo ni mapendekezo, bado si sheria. Ubishi huo una maana yake, ila umetuchorea mnywaji asiye halisi: kijana aliye peke yake mbele ya kaunta. Mnywaji anayejaza wodi na kumaliza mshahara kwa kawaida ni mtu mzima, na wengi wao wana mke, mume au mtu wanayeishi naye. Kwa mtu wa aina hiyo, mwenzi wake ni miongoni mwa nguvu kubwa zinazopandisha au kushusha kiasi anachokunywa, na matibabu yanayomwacha mwenzi huyo nje ya mlango yanafanya kazi nusu. Si kila mwenzi anafaa kuingizwa, na makosa yanayofanyika hapo yanaua. Ndiyo maana suala hili linahitaji kuangaliwa kwa karibu kuliko hoja ya umri.

Utafiti wa NACADA wa 2022 ulikuta kwamba mtu 1 kati ya 8 wa umri wa miaka 15 hadi 65 alikuwa akinywa pombe, yaani asilimia 12.2. Kwa wanaume ilikuwa asilimia 23.8, kwa wanawake 4.1. Pengo hilo linaonyesha sura ya nyumba nyingi za huku: baba anakunywa, mama haonji. Kwa hiyo kuuliza mwenzi ana athari gani hakuhusu tu wawili wanaogonga glasi. Yule asiyekunywa naye anaamua mengi. Ndiye anayejua chakula kitangoja hadi saa ngapi na nani ashike pesa ya kodi ya nyumba. Ndiye anayempigia bosi simu Jumatatu asubuhi kusema mzee ameamka na malaria, na ndiye anayelipa deni la baa kwa M-Pesa ili jina la familia lisitembee mtaani. Maamuzi hayo ndiyo yanayofanya ulevi uendelee bila kumgharimu mlevi, au uanze kumuuma.

Ushahidi mzito zaidi unatoka Uswidi, ambako daftari za serikali zinaweza kuunganishwa, za ndoa, hospitali, dawa na makosa ya jinai. Kenneth Kendler na wenzake walifuatilia watu zaidi ya milioni 3 waliozaliwa kati ya 1960 na 1990, ambao mwanzoni hawakuwa na ndoa. Walioingia ndoa ya kwanza walipungukiwa na hatari ya kupata uraibu wa pombe kwa zaidi ya nusu upande wa wanaume, na kwa karibu robo tatu upande wa wanawake. Washenga wangependa tuishie hapo. Lakini kwa waliooana na mtu aliyewahi kuwa mraibu wa pombe, hatari haikushuka hata kidogo. Ilipanda kuliko ya waliobaki bila ndoa. Na walionufaika zaidi na mwenzi asiye mraibu ni wale waliotoka katika familia zenye historia ya ulevi, yaani wale ambao wazee wa huku husema "huyo ni damu, hawezi kubadilika." Utafiti mwingine wa kundi hilohilo la watafiti uliangalia talaka: ikilinganishwa na waliobaki kwenye ndoa, hatari ya waliotalikiana kuanza uraibu ilikuwa karibu mara 6 kwa wanaume na mara 7 kwa wanawake, kabla ya kuondoa athari za mambo mengine. Kwa wajane na wagane ilikuwa karibu mara 4.

Msomaji makini atapinga: je, si walevi wanachaguana, na wasiokunywa wanachaguana? Ni hoja nzuri, na sehemu yake ni kweli. Watu hukutana mahali wanapokaa, na anayekaa baa atampata mchumba baa. Ila uchaguzi pekee hautoshi kueleza mambo matatu. Kwanza, mjane hakuchagua kufiwa, na bado hatari yake inapanda. Pili, katika utafiti wa Uswidi uliotolewa 2018, watu waliooa au kuolewa zaidi ya mara moja walibadilika kufuatana na mwenzi: aliyetoka kwa mraibu akaingia kwa asiye mraibu alipungukiwa na hatari, na aliyekwenda njia ya kinyume hatari yake ilipanda. Mtu ni yuleyule, damu ni ileile, kilichobadilika ni aliyelala upande wa pili wa kitanda. Tatu ni kazi ya Kenneth Leonard na wenzake huko Buffalo, Marekani, waliofuata maharusi tangu walipoomba cheti cha ndoa. Unywaji wa mume kabla ya harusi ulitabiri unywaji wa mke ulipofika mwaka wa kwanza. Baada ya hapo mkondo uligeuka: unywaji wa mke katika mwaka huo ulitabiri wa mume katika mwaka wa pili. Ina maana kwamba kasi ya nyumba hupangwa mapema, na mara nyingi mke ndiye anayeanza kumfuata mume.

Kumfuata kukoje? Chukua nyumba ambamo wote wawili wanakunywa, na mezani kuna bia za mililita 500 zenye kileo cha asilimia 4.2. Chupa moja ina takriban gramu 16.6 za alkoholi. Mume ana kilo 80, mke kilo 60, na utaratibu ni chupa kwa chupa kwa sababu hakuna anayetaka kuonekana anamwacha mwenzake. Baada ya chupa 4 kila mmoja, ndani ya saa 3, makadirio ya kawaida yanampa mume kama miligramu 75 za alkoholi katika kila mililita 100 za damu. Mke anafika kama 155. Uzito ni sehemu ya sababu. Sehemu nyingine ni kwamba mwili wa mwanamke una maji machache zaidi kwa kila kilo, na pombe hukaa kwenye maji. Meza ni moja na bili ni sawa, lakini mwili mmoja umebeba mara mbili ya mwingine. Mambo yanaharibika zaidi wawili hao wanapohamia pombe kali "kupunguza gharama." Kota ya mililita 250 yenye asilimia 40 ina gramu 79, karibu bia 5, na mzinga wa mililita 750 ni bia 14. Wakiugawa mzinga sawasawa jioni moja, kila mmoja amekunywa bia 7 na wote wawili wataapa kwamba hawakuzidisha, maana chupa ilikuwa moja tu.

Hapa sera ina hoja nzuri kuhusu kuletewa pombe nyumbani, ingawa wachache wameitetea kwa sababu iliyo sahihi. Baa ina saa ya kufunga. Chini ya sheria ya 2010, ile inayojulikana kama sheria ya Mututho, baa ya kawaida hufunguliwa saa 11 jioni hadi saa 5 usiku siku za wiki. Ina bei ya juu kidogo na ina macho ya watu. Nyumbani hakuna lolote kati ya hayo. Breki pekee iliyobaki ni mwenzi, na kama mwenzi naye ana glasi mkononi, breki hiyo haipo.

Mwaka 2024 magazeti mengi duniani yaliandika kwamba wapenzi wanaokunywa pamoja huishi muda mrefu zaidi. Chanzo kilikuwa utafiti wa Kira Birditt wa Chuo Kikuu cha Michigan, uliochambua jozi 4,656 za Wamarekani waliozidi miaka 50. Kichwa hicho cha habari bado kinasambazwa kwenye makundi ya WhatsApp, hasa Ijumaa. Kinapotosha. Swali waliloulizwa lilikuwa kama wamekunywa pombe ndani ya miezi 3 iliyopita, kwa hiyo aliyeonja divai siku ya harusi ya mwanawe amewekwa kikapu kimoja na anayekunywa kila jioni. Waliokuwa na matokeo mazuri ni wanywaji wa kiasi kidogo. Na mtu wa miaka 60 ambaye bado anakunywa pamoja na mkewe kwa kawaida ni mtu ambaye hajaambiwa na daktari aache, na ambaye mkewe bado yu hai na wanaelewana. Pombe hapo ni dalili ya afya na maelewano. Haikuvileta.

Turudi nyumbani kwenye hoja mbili zinazosikika kila kikao cha wazee. Ya kwanza: "Mwozesheni, atatulia." Kuna chembe ya ukweli, kama tulivyoona, ila faida hiyo inatoka kwa watu ambao walikuwa hawajawa waraibu walipooa. Kumwoza mtu ambaye tayari anatetemeka asubuhi mpaka atoe loki, yaani anywe ya kuzimua, ni kumpa msichana wa watu kazi ya uuguzi bila kumwambia. Hoja ya pili ndiyo dhaifu kabisa: kwamba mwanamume anakunywa kwa sababu mke ana kelele. Mpangilio wa matukio unaikataa. Katika ndoa nyingi unywaji ulikuwepo kabla ya harusi, na lawama zimekuja baada ya ada ya shule kuliwa. Utafiti wa Timothy O'Farrell wa 1998 uliwaangalia waraibu waliokuwa wakipata matibabu, ukakuta kwamba waliokuwa na wake wenye kukosoa sana walirudia pombe mapema zaidi. Kwa hiyo lawama haileti ulevi, ila inaweza kumfupishia safari anayejaribu kutoka. Hayo ni mambo mawili tofauti, na anayeyachanganya anampa mlevi kisingizio na kumnyang'anya mke chombo ambacho kingemsaidia.

Wachumi na watu wa afya ya umma watasema kwamba haya yote ni madogo mbele ya bei, kodi na idadi ya maduka. Kwa kiwango cha taifa wako sahihi: pombe ikipanda bei, nchi nzima hunywa kidogo zaidi, na hakuna ushauri wa ndoa utakaofikia watu wengi kiasi hicho. Tanzania ilipopiga marufuku viroba, yaani pombe ya vifuko vidogo vya plastiki, Machi 2017, pombe kali ya bei ya mfukoni ilitoweka kwenye rafu bila kumuuliza mtu habari za ndoa yake. Lakini bei hufanya kazi vizuri kwa mnywaji wa kawaida. Aliyekwisha kuwa mraibu hukata kwanza maziwa ya mtoto, kisha huhamia chang'aa. Huyo ndiye anayefikishwa kituoni na familia, na ndiye ambaye mfumo wetu unampokea peke yake, unamfungia siku 90, kisha unamrudisha kwenye nyumba ambayo haikuelezwa kitu.

Matibabu ya wenzi wawili pamoja yamekuwepo tangu miaka ya 1970, na hayafanani na usuluhishi wa wazee. Kwa kawaida ni vikao 12 hadi 20, kila wiki. Kiini chake ni mapatano ya dakika chache kila siku, kwa saa ileile, tuseme baada ya kunywa chai ya asubuhi. Anayeacha pombe anasema kwamba saa 24 zilizopita hakunywa, na kwamba anakusudia kutokunywa leo. Anamshukuru mwenzake kwa kusimama naye. Mwenzake anamshukuru kwa siku hiyo. Siku inawekwa alama kwenye kalenda ya ukutani. Basi. Sharti gumu ni lile linalofuata: nje ya kikao na mshauri, hakuna kuzungumzia ulevi wa zamani wala hofu ya kesho. Mke haulizi "unatoka wapi," wala hanusi pumzi. Mume hadai aaminiwe. Mapatano haya huvunjika kwa njia inayojulikana: wiki ya tatu au ya nne mmoja anachoka, wanaruka siku mbili, na ugomvi wa zamani unajaza nafasi hiyo. Ndiyo maana mshauri huanza kila kikao kwa kuangalia kalenda, kabla ya kusikiliza malalamiko yoyote.

Kwa baadhi ya watu, dawa ya disalfiramu huingizwa katika mapatano hayo, kidonge kikimezwa mbele ya mwenzi. Dawa hiyo huzuia mwili kumaliza kuvunja alkoholi, kwa hiyo sumu iitwayo asetaldehidi hujaa kwenye damu. Akinywa pombe, uso unawaka, kichwa kinagonga, anatapika, moyo unaenda mbio na shinikizo la damu linaanguka. Kipimo cha kawaida ni miligramu 250 kwa siku, kisianzwe kabla ya saa 12 kupita tangu glasi ya mwisho, na ini na moyo vipimwe kwanza. Athari yake inaweza kubaki mpaka siku 14 baada ya kidonge cha mwisho. Na hapa ndipo pana hatari kubwa mitaani. Matangazo ya "dawa ya kuacha pombe" ya kutiwa kwenye ugali au chai bila mume kujua yanabandikwa kwenye nguzo za umeme, na wanawake waliokata tamaa wananunua. Kama unga huo ni disalfiramu kweli, mume asiyejua atakunywa kama kawaida yake, na mwenye moyo mbovu anaweza kufa sebuleni. Kama si disalfiramu, hakuna ajuaye ni nini. Dawa hii inafaa tu kwa mtu anayeimeza akijua, na anayejua pia kwamba hata dawa ya kikohozi au ya kusukutua kinywa yenye kileo inaweza kumletea balaa hilo.

Kosa la pili la mapenzi ni kumfungia mtu chumbani "mpaka imtoke." Aliyekuwa akinywa sana kila siku anaweza kupata degedege kati ya saa 6 na 48 baada ya kuacha ghafla. Kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuanza kuweweseka, kuona wadudu ukutani, kutokwa jasho na homa, na baadhi hufa. Anayetetemeka asubuhi, anayehitaji kuzimua ndipo aweze kushika kikombe, au aliyewahi kupata degedege, aache pombe chini ya uangalizi wa daktari, apewe dawa za kutuliza na vitamini B1. Mwenzi ndiye anayejua historia hii kuliko mgonjwa mwenyewe, na mara nyingi ndiye asiyeulizwa.

Je, wenzi wote waketi kwenye kiti kimoja? Hapana. Palipo na kipigo kikali, hofu ya kuuawa au silaha, kikao cha pamoja humweka mke mbele ya mtu atakayemlipizia njiani kurudi nyumbani. Takwimu za afya ya familia, za Kenya na za Tanzania, zinaonyesha mara kwa mara kwamba wanawake ambao waume zao hulewa mara nyingi hupigwa zaidi kuliko wale ambao waume zao hawanywi. Jibu zuri nililolisoma kutoka bara letu ni la Lusaka, Zambia, ambako Laura Murray na wenzake waliandikisha familia 248. Mume na mke walipata ushauri uleule, lakini kila mmoja na watu wa jinsia yake, kwa vikao 6 hadi 12, kimoja kila wiki, vikiendeshwa na washauri wa kawaida waliofunzwa, si madaktari. Kipigo kilipungua na unywaji ukapungua, kiasi kwamba jaribio lilisimamishwa mapema kwa kuwa matokeo yalikuwa wazi. Mwenzi anaweza kuingizwa katika matibabu bila kuketishwa na anayempiga, na gharama si kisingizio.

Lakini je, kama mume hataki kusikia habari za matibabu? Hali hii ndiyo ya kawaida, na hapa ndipo tunapowaacha wanawake wengi na ushauri wa "vumilia" au "ondoka." Kuna njia ya tatu, iliyoanzishwa na Robert Meyers wa Marekani, ambayo humfundisha mwenzi peke yake. Katika jaribio lililochapishwa 1999, asilimia 64 ya waliofunzwa hivyo walifanikiwa kumfikisha mnywaji kwenye matibabu, dhidi ya 30 kwa familia zilizomkusanyikia mlevi kumkabili na 13 kwa waliopelekwa kwenye vikundi vya kuwafariji jamaa. Mafunzo yenyewe ni ya vitendo. Usibishane na mtu aliyelewa. Ngoja asubuhi akiwa hajaonja, sema kwa ufupi ulichokiona na unachokitaka. Siku asiyokunywa, iwe siku ya kukaa naye, kula naye, kucheka naye. Akirudi amelewa, ondoka kwa upole uende ukalale chumba kingine. Usimpigie bosi simu. Usilipe deni la baa. Kabla ya yote uwe na mpango wa usalama: begi lako na vitambulisho vyako viwe kwa jirani, na ujue utakimbilia wapi. Wengi hukosea kwa kushika nusu ya chini tu, ile ya kunyima, wakasahau ya juu. Basi siku kavu inakuwa na uso uleule wa siku ya ulevi, na mnywaji haoni anapoteza nini.

Sehemu ambayo wataalamu wenyewe hawaipendi ni nyumba ambamo wote wawili wanakunywa na ni mmoja tu anayetaka kuacha. Mipango mingi ya matibabu ya wenzi huikataa jozi hiyo, na ni rahisi kuelewa kwa nini: anayeombwa kuwa shahidi wa kidonge cha asubuhi ndiye mwenye chupa ya jioni. Ikiwa wote wanataka, waache pamoja, siku moja, kila mmoja akiwa amepimwa na daktari wake. Ikiwa mmoja hataki, kiwango cha chini kabisa ni pombe isikae ndani ya nyumba, yule mwingine asinywe mbele ya anayeacha katika miezi ya mwanzo, na asirudi akinuka kwenye kitanda kimoja. Akikataa hata hayo, mgonjwa anapaswa kuanza akiwa kwa dada, kwa mama au kwa rafiki, na mshauri amwambie hivyo waziwazi siku ya kwanza. Fomu ya AUDIT ya Shirika la Afya Duniani, inayotumika kupima unywaji kila mahali, ina maswali 10, na ni la 10 linalouliza kama ndugu, rafiki au daktari amewahi kuwa na wasiwasi juu ya unywaji wako. Hakuna linalouliza kama mtu unayelala naye anakunywa, na kiasi gani. Kituo chochote kinaweza kuongeza swali hilo kwa kalamu kesho asubuhi, bila kungoja Bunge lipige kura kuhusu miaka 21.